Kuipoza Hiace ya 1996: shajara ya kufunga kiyoyozi

Jumamosi, 3 Januari

Tumerudi jana kutoka Tanga. Tulipofika Chalinze, saa nane mchana, nilisimama kununua maji. Kugeuka nyuma namwona mama amekaa kitako kitandani, khanga imelowa jasho, namwita anaitika kwa kuchelewa. Tulimshusha chini ya mti, tukamlowesha miguu na kisogo, akanywa maji taratibu, na baada ya nusu saa akarudi kuwa yeye. Kipimajoto nilichobandika juu ya jiko kilisoma nyuzi 43. Nje ilikuwa 34. Yaani gari langu lilikuwa linamwongezea mama nyuzi tisa juu ya joto la Mungu.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace, bodi ya H100, ya mwaka 1996, paa refu, injini ya dizeli aina ya 3L, cc 2,779, haina tabo. Iliingia nchini ikiwa gari la mizigo, kwa hiyo haijawahi kuwa na kiyoyozi: hakuna kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, na kwenye dashibodi mahali pa kitufe cha A/C pamezibwa kwa plastiki. Miaka minne iliyopita niliigeuza nyumba ya safari. Ina kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 60, betri ya pili na paneli moja ya sola ya wati 200 juu ya paa. Vyote hivyo nilivifunga mwenyewe na vyote vinafanya kazi. Joto ndilo sikulishughulikia.

Machi kuna arusi Tanga, ya mjukuu wa dada yake. Mama ana miaka 74 na ameshasema atakwenda hata kwa basi, na basi lina kiyoyozi. Nimejipa miezi miwili.

Jumamosi, 10 Januari

Nilidhani leo tutaanza kutafuta spea. Fundi wangu wa AC amekataa. "Kaka, kabla hujanunua kompresa tujue kwanza moto unaingilia wapi," akanipa kipimajoto cha kulenga nikae na gari juani toka saa tano hadi saa saba.

Bati la paa kwa nje: 61. Ubao wa dari kwa ndani, pale pale mama anapolaza kichwa: 48. Kifuniko cha injini baada ya kuzunguka mtaani dakika ishirini: 57. Kwenye Hiace hii injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo dereva ameikalia, na joto lake lote linapanda ndani ya gari kabla halijapata njia nyingine. Jua la saa sita linamwaga karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, na paa langu lina kama mita saba. Hata ukitoa sehemu kubwa inayorudishwa na rangi nyeupe, kinachobaki kinatosha kuishinda mashine ndogo.

Mchana tukafungua dari. Nilipochomoa skrubu ya mwisho ubao ulishuka na kitu kizito kikaniangukia begani. Ni ile sufi ya kioo ya kuzuia joto niliyoiweka mwenyewe miaka minne iliyopita. Imelowa, imekuwa nyeusi upande wa bati, imejikusanya kama tambara la kudekia. Nilipoiminya yakatoka maji. Juu yake, kwenye mbavu za paa, kutu imeshaanza kutoa magamba. Unyevu wa pumzi zetu na mvuke wa jiko umekuwa ukipanda usiku, ukikutana na bati lililopoa, ukigeuka maji na kunywewa na sufi. Sufi iliyolowa inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuzuia joto. Nimekuwa nikisafiri miaka yote hiyo nikiamini paa langu lina kinga.

Jumamosi, 17 Januari

Kazi ya wiki nzima jioni baada ya kutoka kazini. Nimekwangua kutu kwa brashi ya waya, nimepaka dawa ya kutu na rangi ya zinki mikono miwili. Badala ya sufi nimeweka raba nyeusi ya povu, ile ile mafundi wa viyoyozi vya majumbani wanayovisha mabomba, ila hii ni ya shiti, unene wa milimita 19. Faida yake ni kwamba vitundu vyake vimefungwa, maji hayapenyi, na inagandishwa moja kwa moja kwenye bati bila kuacha nafasi ya hewa yenye unyevu. Kila mahali shiti mbili zinapokutana nimeziba kwa utepe wake. Nimekuwa mkali sana kwenye hilo, maana ufa mmoja unatosha kurudisha tatizo la sufi.

Kifuniko cha injini kimepata kitambaa cha kuakisi joto kwa chini na raba mpya ya kuzibia ukingoni. Ile ya zamani ilikuwa imekauka na kuvunjika kama biskuti. Madirisha ya nyuma nimeyashonea mapazia ya foili yenye sponji katikati.

Leo nimerudia vipimo vile vile, mahali pale pale, saa zile zile. Ubao wa dari: 37. Kifuniko cha injini: 44. Sijafunga mashine yoyote bado, na tayari nyuzi 11 zimeondoka juu ya kichwa cha mama. Kama mtu ana pesa ya kitu kimoja tu, mimi namwambia aanzie hapa.

Jumamosi, 24 Januari

Gerezani, mtaa wa spea hapa Dar, toka asubuhi hadi adhuhuri.

Tulichokuwa tunakitafuta ni vitu vya injini ya 3L au 5L iliyokuja na kiyoyozi, kwa sababu bila kishikio chake kompresa huna pa kuifunga. Kuna watu wanachomelea vishikio vya kubuni. Kikipinda milimita mbili tu, mkanda unatembea upande, unakatika barabarani. Tumezunguka maduka sita hadi kukipata kishikio halisi kikiwa na puli yake ya kukazia mkanda.

Kompresa ni ya Denso, mtumba. Fundi alinifundisha kuichagua: shika sahani ya mbele uizungushe kwa mkono. Iende kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima, isikwame, isikwaruze. Kisha funga tundu moja kwa kidole gumba uzungushe tena, usikie inavyokusukuma. Mwisho mimina oili yake kwenye kitambaa cheupe. Ya kwanza ilitoa oili ya kijivu yenye vumbi linalong'aa. Hiyo imekula vyuma vyake, ukiifunga vumbi hilo litakwenda mfumo mzima. Ya tatu ilitoa oili safi ya manjano. Nimelipa 230,000 baada ya kuanzia 350,000.

Evaporeta, kile kifaa cha ndani kinachopoza hewa, tumechukua ya nyuma ya Super Custom, Hiace ya abiria, pamoja na feni yake. Ni kubwa kuliko zile za kuning'iniza chini ya dashibodi, na mimi nataka baridi iende kitandani.

Kondensa (inayotoa joto la gesi nje), chujio la unyevu, ekspansheni (valvu yenye tundu jembamba la kupitishia gesi) na oringi zote nimenunua mpya. Chujio ndani yake lina chembe zinazofyonza maji, na la mtumba limeshakaa wazi dukani miezi mingi likifyonza hewa ya Dar. Limeshiba kabla hujalifunga. Oringi ni za kijani, za R134a, gesi ya kiyoyozi. Mipira ya gesi tumeipima kwa kamba kwenye gari na kwenda kubanisha mipya.

Jumapili, 1 Februari

Siku mbili za kufunga. Kondensa imekaa nyuma ya grili mbele ya rejeta, na mbele yake feni ya umeme ya inchi 12. Evaporeta iko juu, nyuma ya kiti cha abiria, imeelekezwa nyuma.

Umeme nilikaa nao jioni nzima na daftari. Alteneta ya 3L yangu ni ya ampea 60, nayo imebeba mgongoni pampu ya vakyumu ya breki, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kwa alteneta yoyote unayoiona. Feni ya evaporeta kwa kasi ya juu inakula ampea 13, feni ya kondensa 10, klachi ya kompresa, sumaku inayoishikisha na mkanda, kama 4. Hapo ni 27. Taa kubwa na taa ndogo usiku zinaongeza kama 12. Wipa, redio, kuchaji betri ya pili. Inatosha, lakini haibaki nafasi ya uzembe. Kila feni imepata rilei yake na fyuzi yake, waya wa milimita sita za mraba kutoka betri, na betri ya pili sasa inachajiwa tu nikiwa safarini.

Swichi ya presha nimeisimamia kidete. Inakata klachi presha ikishuka chini ya psi 28 hivi, au ikipanda kukaribia 450. Magari mengi ya zamani mitaani utaikuta imeunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha waya, kwa sababu kuna siku ilikata na mtu akaona ndiyo mbovu. Ilikuwa inaokoa kompresa.

Jumamosi, 7 Februari

Tumejaza naitrojeni psi 150 kutafuta panapovuja, tukapaka povu la sabuni kila kiungo. Kimoja kilianza kutoa kipovu kidogo mno, kinakua polepole kama jicho la samaki, kinapasuka, kinaanza tena. Tukafungua, oringi ilikuwa imepinda wakati wa kukaza kwa kuwa ilifungwa kavu. Tukaweka nyingine, tukaipaka kwanza PAG, oili ya kompresa, ikatulia. Saa tatu baadaye geji haijasogea.

Hapo ndipo nilipokosea. Pampu ya vakyumu ya fundi, ya kunyonya hewa yote kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, ilikuwa matengenezoni hadi wiki ijayo. Mimi nilikuwa na haraka ya kusikia baridi, nikapeleka gari kwenye gereji moja ya jirani. Kijana wa pale akasema vakyumu si lazima, "tunapuliza gesi kidogo inatoa hewa yote." Akafungua mpira, gesi ikapiga kelele, akafunga, akajaza. Hewa ikatoka ya baridi kabisa. Nikalipa nikaondoka na furaha.

Dakika ishirini baadaye, barabara ya Bagamoyo, hewa ikawa ya kawaida, kisha ya joto. Nikazima. Nikawasha baada ya robo saa: baridi. Dakika ishirini: joto.

Nilimpigia fundi, wala hakuuliza mengi. "Una maji ndani." Gesi inapita kwenye tundu la ekspansheni, jembamba kama la sindano, na hapo ndipo inaposhuka ghafla hadi karibu na nyuzi sifuri. Tone dogo tu la unyevu likifika pale linaganda, linaziba tundu, baridi inakatika. Ukizima, barafu inayeyuka, njia inafunguka. Unaweza kubadilisha kompresa tatu na tatizo likabaki pale pale.

Jumamosi, 14 Februari

Fundi hakukubali kuachia gesi hewani, nami nakubaliana naye kwa moyo wote. Kilo moja ya R134a ikipotea angani inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Mwaka 2016 mataifa yalikaa hapo Kigali yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hii. Sitaki mama yangu apoe kwa kuchoma watoto wa mwingine. Tumemtafuta fundi wa majokofu mwenye mashine ya kuvuta gesi, akaivuta kwenye mtungi wake.

Chujio jipya la pili. Limeniuma, lakini lile la kwanza lilikuwa na wiki moja tu likiwa limeshakunywa unyevu. Oili pia tumemwaga na kupima, tukarudisha kiasi kile kile cha PAG 46 kutoka kopo lililofunguliwa leo leo, maana oili hiyo nayo inafyonza maji hewani ukiiacha wazi.

Kisha vakyumu. Saa moja na nusu kamili. Sindano ya geji ya bluu, ya presha ya chini, ilishuka hadi inchi 29 chini ya sifuri ikasimama hapo. Kwa presha ndogo hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 25, chini ya joto la kivuli chetu cha leo, kwa hiyo kila tone lililojificha kwenye mipira linageuka mvuke na kuvutwa nje. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya vakyumu, kukausha. Kupuliza gesi hakukaushi chochote. Tukafunga koki, tukanywa chai, dakika arobaini sindano haijatikisika.

Gesi tumeijaza kwa mizani, gramu 500 kwanza, halafu kidogo kidogo hadi 820. Nje nyuzi 32, injini kwenye mizunguko 1,500: upande wa presha ya chini psi 32, upande wa presha ya juu 215. Kipimajoto mdomoni mwa evaporeta kilishuka 20, 15, 11, kikatulia kwenye 8. Bomba la kurudishia gesi lilikuwa limejaa umande, na nilipolishika kiganja kikabaki na maji baridi. Nimeendesha saa mbili bila kukatika.

Jumapili, 15 Februari

Foleni ya Mwenge imeonyesha mawili. Gari likiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kompresa ikishika, injini inashuka na vyombo vyote kabatini vinatetemeka. Injini yenyewe ina nguvu farasi kama 90, na kompresa inachukua kadhaa. Na presha ya juu ilipanda hadi 290, hewa ikawa nyuzi 16.

La kwanza limetibiwa na kidude cha vakyumu cha kupandishia sailensa, kinachovuta mkono wa pampu ya dizeli kila A/C inapowashwa. La pili lilikuwa nafasi: kati ya feni na kondensa kulikuwa na mwanya wa vidole vitatu, hewa ya moto inazunguka na kurudi. Nimekata bati la alumini, nikalizungushia pande zote feni isukume hewa kwenye kondensa peke yake. Leo jioni, foleni ile ile: 240, na hewa nyuzi 11.

Jumamosi, 21 Februari

Nimekuta godoro limelowa. Evaporeta kwenye hewa ya pwani inakamua maji mengi, kwangu ni zaidi ya lita moja kwa saa mchana. Mpira wa kutolea maji tuliuweka nyuma ya trei, sawa kabisa gari likiwa tambarare. Jana nililipaki likitazama bondeni. Maji yakaja mbele, yakajaa, yakamwagika. Sasa trei ina mipira miwili, mbele na nyuma, yote inatokea chini ya sakafu, na kila mwisho una wavu wa kuzuia mende.

Jumamosi, 28 Februari

Swali la usiku. Watu wananiuliza kwa nini sikununua kiyoyozi cha juu ya paa cha volti 12. Hesabu yangu ni hii. Kinakula kama ampea 50. Betri yangu ya AGM (ya risasi, iliyofungwa) ni ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, na sitaki kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo ni saa moja tu. Nikinunua ya lithiamu ya Ah 200 nitakuwa na wati-saa 2,560. Kompresa ikipumzika nusu ya muda itanifikisha karibu na alfajiri. Lakini paneli yangu siku nzuri inanipa kama 800, kwa hiyo usiku mmoja ungenidai siku tatu za jua. Hilo litasubiri pesa na paneli nyingine mbili.

Kuwasha injini na kulala sitafanya, na yeyote anayesoma haya asifanye. Moshi wa eksozi una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na gari lenye mashimo ya miaka 30 halina njia ya kuuzuia ukija ndani. Mtu analala, haamki.

Ninachofanya ni kupoza ndani saa nzima ya mwisho ya safari, kuteremsha mapazia, kisha kufungua tundu la paa na kuwasha feni mbili za ampea moja na nusu kila moja. Usiku mzima hazifiki Ah 30. Nimelala hivyo Alhamisi uani kwetu: saa nne usiku ndani nyuzi 26, alfajiri 27. Kwa kuwa dari haina tena joto la mchana la kutumwagia usiku, inalalika.

Jumamosi, 7 Machi

Tanga. Tumetoka Dar saa tatu asubuhi kwa makusudi, tupite Chalinze kwenye jua lile lile.

Saa saba Chalinze, nje 33, juu ya jiko 25. Sikusimama. Kupanda baada ya daraja la Wami nilizima kompresa dakika nne kuiachia injini ipumue, kwa sababu sindano ya joto la maji ilikuwa imesogea upana wa alama moja, ikarudi, nikawasha. Rejeta nitaisafisha kabla ya safari ijayo.

Mama alianza safari amekaa mbele na mimi. Segera akahamia nyuma, akasema "mwanangu, hapa pamekuwa Lushoto," akajifunika khanga yake akalala. Muheza nilisimama kununua ndizi nikazima injini. Sikufika hata kwa muuzaji, akaniita dirishani: "Mbona umezima?"